Walinzi wa Pikipiki ya Fundi Pampu

Kama una shughuli ya haraka, nakuomba usipite kijiweni kwetu. Zunguka nyuma ya ghala la mbao, ukanyage matope ikibidi, lakini hapa usipite. Mimi ndiye muuza kahawa wa kijiwe hiki, jiko langu liko ubavuni mwa benchi, na kwa miaka yote niliyochochea makaa hapa sijaona tatizo dogo likaondoka likiwa bado dogo. Benchi lina wenyewe watatu. Wa kwanza ni Meja, ambaye hajawahi kuwa mwanajeshi hata siku moja. Alikuwa mlinzi wa ghala, akastaafu na filimbi yake na tabia yake ya kutoa amri. Wa pili ni Wembe, kinyozi, kibanda chake kinatazamana na jiko langu, na mdomo wake una kasi kuliko mashine yake ya kunyolea. Wa tatu ni Futi, fundi cherehani, anayeshinda na futi shingoni hata siku ambayo hana nguo ya kupima. Nyuma yangu, chini ya turubai, palisimama pikipiki ya Fundi Pampu, rafiki yetu sote, mtu wa kutengeneza pampu za visima. Alivunjika nyonga, ikabidi apelekwe kwa binti yake mkubwa akauguzwe huko, na siku ya kuondoka aliagiza pikipiki isukumwe mpaka hapa, akatuambia: "Nawaachia nyinyi. Sina mwingine wa kumwachia." Wembe alilia. Tukala kiapo, wote wanne, kwamba haitaguswa.

Basi juzi asubuhi akaja binti yake wa pili, yule anayefanya kazi na baba yake. Alikuwa na mfuko wa spana begani, na nyuma yake jamaa wa mkokoteni akashusha mabomba mawili na sanduku la chuma, akaondoka zake.

— Shikamooni, baba wadogo.

— Marahaba, mwanangu! Baba anaendeleaje?

— Anaanza kusimama. Anawasalimu sana. Nimekuja kuchukua pikipiki.

Meja akanyanyuka kama amesikia jina lake mahakamani.

— Leo?

— Leo hii, baba mdogo. Sasa hivi. Pampu ya shule, ile ya ng'ambo ya kilima, imekufa tangu jana. Watoto wanachota maji mtoni. Mwalimu mkuu alimpigia baba, baba akamwambia, nakutumia binti yangu, ni kama nimekuja mwenyewe.

— Safi kabisa! akasema Wembe.

— Ni kazi yangu ya kwanza peke yangu. Na mwalimu mkuu amesema nikiwa sijafika saa sita, anawaita mafundi wa ile kampuni, na pampu ya shule inakuwa yao moja kwa moja. Baba ameitunza pampu ile tangu sijazaliwa.

— Si ungekodi pikipiki nyingine, mwanangu? Futi akauliza, na wakati ule niliona ni swali la kawaida tu.

— Nimejaribu. Hakuna anayetaka kubeba mabomba. Hii ina keria yake.

Kweli ilikuwa nayo. Fundi Pampu alikata kiti cha abiria akachomelea keria ya chuma mahali pake, ikawa pikipiki ya mtu mmoja na mabomba yake. Binti akavuta turubai. Vumbi likatumwagikia, nikafunika birika kwa kiganja. Akalifuta tangi kwa leso, akatia ufunguo, akapiga kiki.

Kimya.

Akapiga tena. Ikaguna tumboni, ikanyamaza. Akapiga mpaka jasho likamtoka, na kila alipopiga, wale watatu walisogea hatua moja karibu zaidi, mpaka wakamzunguka.

— Ngoja nitazame mafuta, akasema, na mkono ukaenda kwenye kifuniko cha tangi.

— Usifungue! Futi aliruka mpaka futi ikamtoka shingoni. Usifungue tangi, mwanangu! Mafuta yaliyokaa muda mrefu yakipigwa na hewa mpya yanapoteza nguvu. Umeiua.

— Nani kakwambia, baba mdogo?

— Watu wote wanajua.

Sikuwa najua. Lakini mimi ni wa kahawa. Binti akamtazama, akarudisha mkono. Utamwambiaje baba mdogo kwamba anasema upuuzi, mtu aliyekushonea sare ya kwanza ya shule? Akachutama, akashika kofia ya plagi.

— Na plagi usiiguse, akasema Meja kwa sauti ya amri. Plagi ikiguswa ikiwa ya baridi inapasuka. Nilikuwa na mwenzangu kazini, plagi ilipasuka, kipande kikaingia kwenye buti lake.

— Nikitaka kuangalia cheche nifanyeje?

— Cheche zipo. Mimi nakuhakikishia.

— Basi nitazame betri, akasema binti, akashika kifuniko cha pembeni.

— Mwanangu, mwanangu! Wembe akaweka kiganja juu ya kifuniko. Betri iliyolala haiamshwi kwa ghafla. Ni kama mgonjwa. Tuanze na mambo ya nje kwanza.

Binti akasimama katikati yao, mikono haina pa kwenda. Mafuta asiguse, plagi asiguse, betri asiguse. Nikamwonea huruma, nikammiminia kahawa, akainywa kama dawa.

— Haya, mambo ya nje ni yapi?

Hapo ndipo nilipojua kwamba asubuhi ile imekwisha.

— Imekaa ikielekea vibaya, akatangaza Meja. Angalia. Ilikuja ikitazama kule, ikaegeshwa ikitazama huku. Mafuta yote yamekusanyika upande mmoja. Igeuzeni!

— Baba mdogo, mafuta yako kwenye tangi moja.

— Igeuzeni nimesema!

Tukaigeuza. Nasema tukaigeuza kwa sababu nami niliitwa, nikaacha jiko. Chuma kile ni kizito. Tukaigeuza ikatazama ghala. Binti akapiga kiki. Kimya.

— Mnaona? akasema Futi. Shida si kuelekea. Shida ni kwamba haikujui.

— Haimjui nani?

— Wewe. Pikipiki hii imepandwa na mtu mmoja miaka yote. Inajua uzito wake. Inajua mkono wake. Wewe ni mwepesi, mwanangu, inadhani hakuna mtu juu yake.

— Futi, una homa? nikauliza.

— Wewe mimina kahawa! Cherehani yangu akikaa mtu mwingine inakata uzi, kwa nini? Inamjua mwenyewe. Ngojeni.

Akakimbilia dukani kwake, akarudi na koti la Fundi Pampu, lile zito la rangi ya udongo, aliloliacha litiwe kiraka na halijatiwa mpaka leo. Akamvisha binti wa watu. Mikono ya koti ikafunika vidole vyake. Na jua lilikuwa linachoma kwelikweli.

— Kohoa kidogo, akasema Futi.

— Nikohoe?

— Baba yako alikuwa akikohoa kabla ya kupiga kiki. Kila siku. Uliza watu hawa.

Nilimwona akifumba macho. Akakohoa. Akapiga kiki. Wallahi ningekuwa mimi ni pikipiki ningewaka kwa aibu tu, lakini ile haikuwaka.

— Nyie wote hamjui kitu, akasema Wembe. Hamwoni kile?

Akaonyesha mnara wa simu, ule ulioko juu ya duka la vifaa vya ujenzi.

— Mnara umefanya nini?

— Umewekwa lini? Baada ya pikipiki kuletwa hapa! Mnara unakula umeme, jamani. Unavuta umeme wa hewani, ukikosa unavuta wa karibu. Cheche za pikipiki zinatoka kwenye plagi zinapaa zinakwenda kule. Mnataka iwake na nini?

— Na simu tulizonazo mifukoni zinavuta pia? akauliza Meja, sasa kwa makini kabisa.

— Ndizo zinazouita mnara! Simu yako inaita, mnara unanyonya. Zimeni simu. Wote. Na wewe, mwanangu.

— Mwalimu mkuu anaweza kunipigia.

— Dakika tu.

Akaizima. Naapa aliizima kwa heshima tu, uso wake ulikuwa unasema mengine. Tukaisukuma pikipiki mpaka nyuma ya ghala ili ukuta uikinge na mnara. Meja akapuliza filimbi. Binti akapiga kiki, akapiga tena, akapiga huku koti linamning'inia kama pazia. Futi akapendekeza ilazwe ubavu ili ipumzike, Meja akasema hapana, isimamishwe kwa gurudumu la nyuma, damu ishuke. Damu! Wembe akasema kama kuna mtu mwenye sumaku aisogeze karibu na taa. Mimi nikasema naombeni jamani, saa zinakwenda. Hakuna aliyenisikia. Nilipogeuka nikakuta kahawa yangu imefurika, imezima nusu ya makaa. Hasira niliyoipata hapo siwezi kuieleza.

Tuliporudi kijiweni na lile lichuma, binti akavua koti. Hakulitupa, alilikunja, akaliweka kwenye benchi, na namna alivyolikunja ilinitisha kuliko angelitupa.

— Baba zangu, akasema. Nawaheshimu. Mmenilea. Ila sasa naomba mnyamaze wote.

Wakanyamaza, kwa mshangao tu. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia, akanusa. Akaitikisa pikipiki kwa nguvu. Hakukuwa na mlio wowote ndani.

— Tangi kavu.

— Mvuke, akasema Futi haraka. Petroli ni kitu cha kupaa. Unaiacha leo, kesho iko mawinguni.

— Tangi zima? Baba aliagiza ijazwe siku ilipoletwa hapa. Na kifuniko kimefungwa.

— Jua la hapa ni kali.

— Mvuke gani wewe! Wembe akashindwa kuvumilia. Si nilikuona na mpira na kopo? Nguo za watu unazitolea madoa na nini? Duka lako lote linanuka petroli!

— Nilikuwa nailinda! Futi akapanda juu. Pikipiki yenye mafuta ni mlango ulio wazi! Mtu anakuja usiku, anapiga kiki, kwaheri. Nikatoa mafuta ili isiende kokote. Madoa nilitoa kidogo tu, maana mafuta yalikuwa yanaharibika bure. Na wewe unajisemesha! Redio yako pale kibandani, siku umeme unapokatika, inaimba kwa pumzi ya nani?

Wembe akatazama viatu vyake.

Binti akafungua kifuniko cha pembeni. Mahali pa betri palikuwa na tofali. Tofali la kweli, limefungwa kwa mpira vizuri kabisa.

— Hilo tofali la nini? nikauliza, maana kwa kweli nilitaka kujua.

— La uzito, akasema Wembe kwa sauti ndogo. Ili mtu akiitikisa asijue. Ndugu zangu, betri ndiyo kitu cha kwanza kuibiwa! Nikaitoa nikaiweka ndani kwangu. Ningeiacha tu ife? Betri isiyofanya kazi inakufa. Nimeitunza kwa kuitumia.

— Aibu, akasema Meja, na akasimama wima kuchukua nafasi ya hakimu. Aibu kubwa. Watu wazima. Mtu anawaamini, mnaikata pikipiki yake mapande kama ng'ombe. Mimi katika utumishi wangu wote…

Binti alikuwa amekwisha kuingiza spana kwenye plagi. Meja akaona, sentensi ikamfia mdomoni. Plagi ikatoka nyeusi, imepasuka, ncha yake imeliwa na kutu. Akaigeuza mkononi.

— Hii si ya baba. Baba alitia mpya wiki aliyoanguka. Nilikuwepo.

Wembe na Futi, ambao dakika moja nyuma walitaka kushikana mashati, sasa wakamgeukia Meja kwa pamoja, nyuso zao zimechangamka. Meja akafungua kifungo cha mfuko wa shati, akatoa leso, akaikunjua pole pole. Plagi ilikuwa inang'aa. Mtu yule alikuwa akitembea nayo kifuani muda wote huo.

— Niliweka kuukuu ili vumbi lisiingie, akasema. Ni utaratibu. Silaha huondolewa kiungo kimoja, anakaa nacho mkuu wa lindo.

— Nani kakuchagua mkuu wa lindo? akauliza Wembe.

— Na ungetuambia, akasema Futi.

— Na wewe ungetuambia! Meja akamrudishia.

Ikawa ndiyo hiyo sasa. Nani alianza kutoa, nani alitoa baadaye, nani alijua nini akanyamaza. Meja anasema kama angejua betri haipo asingehangaika na plagi. Wembe anasema kama angejua mafuta yametoka asingetoa betri. Futi anadai yeye alitoa mafuta kwa sababu aliona mtu fulani, hamtaji, akiizungukazunguka pikipiki jioni na bisibisi. Bisibisi ilikuwa ya Wembe. Asubuhi yote wamemzungusha mtoto wa mwenzao, wamemvisha koti, wamemkohoza, na kila mmoja alikuwa anajua kwa nini haiwaki. Yaani kila mmoja alijua tatizo lake, akawa anamsubiri mwenzake atoe ushauri wa maana ili apate upenyo wa kwenda kurudisha kitu chake kimyakimya. Nikamwambia binti washa simu yako. Akaiwasha, akaitazama, akaketi juu ya sanduku lake la chuma.

— Amepiga mara nyingi, akasema. Baba pia.

Hakulia, lakini mimi nilikaribia.

Ndipo akatokea mgeni. Alikuwa mtu mnene mwenye aproni, anasukuma baiskeli yenye madumu matupu ya maji yamefungwa huku na huku, anahema. Akasimama, akaangalia ile pikipiki iliyofunguliwa mbavu.

— Samahanini. Namtafuta fundi wa pampu. Mimi ni mpishi wa shule. Simu yake haipatikani, mwalimu mkuu amenituma nimtazame njiani.

— Ni mimi, akasema binti, akasimama. Nisamehe. Bado hajaita wengine?

— Bado. Saa sita haijafika. Lakini ameshika simu mkononi, namba ameishaiandika. Ajali?

Basi wote watatu wakaanza kumweleza kwa mkupuo. Meja na utaratibu wake wa lindo, Wembe na betri inayotunzwa kwa kutumiwa, Futi na mlango ulio wazi. Mpishi aliwasikiliza kwa adabu, akimtazama huyu, akimtazama yule, kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Walipoishiwa pumzi akauliza, bila ubaya wowote, yaani alikuwa anauliza kwa kutaka kujua:

— Sasa mwizi mwenyewe mliyekuwa mnamwogopa ni nani?

Meja akaanza kuifuta filimbi yake kwa leso. Futi akaishika futi yake shingoni, akawa anaivuta huku na huku. Wembe alimtazama Meja, kisha Futi, kisha, na hili sitalisahau, akanitazama mimi. Kijiwe chetu hakina mgeni. Usiku mlinzi wa ghala analala hapo hapo, na ni mpwa wake Meja. Sijawahi kusikia mtu wa mtaa huu akiibiwa hata sufuria. Mpishi akasubiri jibu, akaona halitoki, akaanza kufungua madumu.

— Haya madumu niwekeeni hapa, nitayapitia. Fundi, funga mabomba yako kwenye baiskeli. Tutasukuma wote, tutafika.

— Kilima chote kile? nikauliza.

— Ndugu yangu, nina sufuria tupu na watoto wa shule nzima.

Wakafunga mabomba, wakabebesha sanduku, baiskeli ikabonyea. Binti hakuwaaga wale watatu. Mimi nilimpa mkono, akaushika, akasema:

— Baba akiniuliza nitasema haikuwaka. Sitasema mengine.

Wakaondoka, yeye kwenye usukani, mpishi akisukuma nyuma.

Sasa aibu ni dawa, lazima niseme. Hawajafika hata kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Wembe akakimbia akaleta betri. Futi akaleta kopo, lina petroli iliyobaki, kidogo tu chini kabisa. Meja akatia plagi kwa mikono yake mwenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuna aliyebishana. Tofali likatolewa, waya zikafungwa, petroli ikamiminwa mpaka tone la mwisho. Meja akapiga kiki. Ikakohoa. Akapiga tena, na ile pikipiki ikawaka! Ikanguruma mtaa mzima, moshi mweusi ukatoka, vikombe vyangu vikacheza kwenye meza. Futi akaruka juu, akamkumbatia Wembe. Nami nilipiga makofi, sikatai.

— Mfuateni! nikapiga kelele. Wako pale kilimani, nawaona! Aende mmoja, apakie mabomba, binti apande, atafika kabla ya saa sita!

— Naenda mimi, akasema Meja, akashika usukani.

— Kwa nini wewe? akasema Wembe, akashika usukani upande wa pili.

— Mimi ndiye niliyeiwasha.

— Kwa betri yangu.

— Na mafuta yangu, akasema Futi, akashika keria. Ukienda nayo tutajuaje kama umempa?

— Kwani nitaipeleka wapi?

— Ndiyo maana nauliza.

— Twende wote!

— Wote wapi? Ina kiti kimoja!

Nikawaambia, jamani, dakika tatu tu kufika pale. Nikawaambia nendeni kwa miguu basi, isukumeni ikiwa inawaka, mmoja huku na mmoja huku. Wembe akasema anayeenda aache kitu cha thamani hapa, yeye yuko tayari kuacha mashine ya kunyolea. Futi akasema mashine ile mbovu, nani ataitaka. Meja akasema ataacha filimbi. Wakacheka kwa dharau, akachukia. Wote watatu, mikono sita, imeng'ang'ania chuma kile, na chenyewe kinanguruma katikati yao.

Kule juu kilimani binti akasimama. Anaujua mlio ule, amekua nao. Akageuka akatazama kwetu, akaweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. Mpishi naye akasimama. Nikampungia mkono, nikanyoosha kidole kwa wale watatu, sijui nilitaka kumwambia nini. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu kuliko tulivyostahili. Kisha mpishi akamgusa bega, wakaikamata baiskeli, wakaanza kushuka upande wa pili, tukaacha kuwaona.

Pikipiki ikakwama pumzi, ikatikisika, ikazimika. Petroli ilikuwa imekwisha.

Ufunguo ulikuwa umebaki kwenye swichi. Meja akanyoosha mkono kuuchomoa, Wembe akamshika kifundo cha mkono. Futi akasema usiguswe na mtu, ubaki hapo hapo kila mmoja akiuona. Nikasogea ili niuchukue mimi, nimpelekee binti mwenyewe jioni, niumalize ugomvi.

— Na wewe kaa huko huko, akasema Futi. Jiko lako ndilo lililo karibu nayo kuliko wote.

Nimemmiminia mtu huyu kahawa kila siku ya Mungu. Nilirudi mezani kwangu, makaa yamezimika, kahawa imekuwa tope, nikaanza kukusanya vikombe kutoka kwenye benchi na chini ya benchi. Wao watatu wakaketi wakitazama ufunguo, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kwenda nyumbani. Nilikuwa nimekwisha kuvipanga vikombe kwenye beseni nilipogundua kwamba nilikuwa navihesabu, mimi ambaye sijawahi kuvihesabu.